Ana PhD, sasa analelewa na nani tena? Ulezi wa watafiti chipukizi unavyofanya kazi

Taasisi ya utafiti ikitangaza mpango wa ulezi kwa wanasayansi chipukizi, maswali ya watu huwa ni yaleyale. Hii ni ajira au ni mafunzo? Kuna mshahara, au ni posho ya nauli? Na lipo moja linaloulizwa kwa kejeli kidogo: mtu kasoma mpaka PhD, ana familia, kavuka thelathini, sasa analelewa na nani tena?

Hilo la mwisho ndilo swali zuri kuliko yote. Jibu lake linaeleza kwa nini tuna vijana wengi wenye vyeti vikubwa, lakini wachache kati yao wanaongoza tafiti zao wenyewe.

Tuanze na wahusika. Taasisi ya utafiti ni mahali ambapo kazi kuu si kufundisha darasani bali kutafuta majibu ambayo bado hakuna mwenye nayo. Tanzania tunayo NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 kushughulikia utafiti wa magonjwa ya binadamu, TARI ya kilimo na TAFIRI ya uvuvi. Ipo pia Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi kule bonde la Kilombero na leo ina matawi Bagamoyo na Dar es Salaam. Kenya wana KEMRI, nayo ya 1979, na kituo cha Kilifi kilichoanza 1989 kwa ushirikiano na Wellcome Trust, mfuko wa hisani wa Uingereza unaofadhili utafiti wa afya.

Mtafiti chipukizi ni yeyote aliye kwenye ngazi za mwanzo za kazi hii. Anaweza kuwa kijana aliyemaliza shahada ya kwanza akaingia kama mtafiti msaidizi, anaweza kuwa anasoma uzamili au uzamivu huku akitumikia mradi, au amemaliza uzamivu miaka michache iliyopita ila hajawahi kupata fedha za utafiti kwa jina lake. Umri haumo kwenye hesabu. Wapo chipukizi wa miaka ishirini na mitatu na wapo wa arobaini na mbili, hasa wanawake waliotanguliza watoto.

Karibu na chipukizi huyu kuna watu watatu tunaowachanganya sana katika mazungumzo. Msimamizi ana dhamana ya kazi: tasnifu imalizike, sampuli zikusanywe, ripoti imfikie mfadhili kwa tarehe yake. Mlezi ana dhamana ya mtu. Hana mradi anaokudai, kwa hiyo anaweza kukuuliza jambo ambalo msimamizi wako hana faida ya kuliuliza: baada ya miaka mitatu unataka uwe umefanya nini, na hii kazi ya leo inakupeleka huko? Wa tatu ni mtetezi, yule mkubwa anayelitaja jina lako kwenye kikao ambacho hukualikwa, pale wanapotafuta mtu wa kwenda kuwasilisha matokeo au wa kukaimu maabara. Katika taasisi ndogo mtu mmoja hubeba majukumu yote matatu, na matatizo mengi huanzia hapo. Siku maslahi yako na ya mradi yakigongana, huna wa kumwendea.

Sasa turudi kwa mwenye PhD. Fikiria lori la mizigo linalotoka Tunduma kwenda Dar. Tajiri anachotaka ni mzigo ufike. Dereva ana dhamana ya gari. Utingo anafunga turubai, anaweka mawe kwenye tairi, anatumwa chai. Siku utingo huyo akienda chuo cha udereva akapata leseni, kwa sheria naye ni dereva. Lakini mteremko wa Kitonga hauulizi leseni. Ushuke na gia ipi, breki uzipumzishe wapi, ukisikia lori la mbele limeanza kunuka breki ufanye nini: hayo anayapata kwa dereva aliyekubali siku moja kumwachia usukani, yeye akahamia kiti cha pembeni na kujizuia asimpokonye. PhD ni leseni. Ulezi ni ile siku ya Kitonga.

Kitonga za utafiti ziko kadhaa, na ya kwanza ni swali lenyewe.

Mfano tunao hapa nyumbani na umeandikwa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuacha yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu, mwenzake akaonekana kumuwahi, basi Mpemba akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Yakatangulia kuganda. Alipouliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena kwenye somo la fizikia. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia nzima, na darasa likapata utani wa kudumu.

Kisha akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama mbele ya wenzake na kuuliza kitu kilekile: vyombo viwili vya maji, ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakuwa na jibu. Akaahidi kulijaribu, na aliporudi Dar akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaripoti kwamba kweli maji ya moto ndiyo yaliyotangulia kuganda, ila wataendelea kurudia mpaka wapate matokeo sahihi! Mwaka 1969 makala ikatoka kwenye jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Jina la kwanza ni Mpemba, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka. La pili ni Osborne. Sehemu ya mwanzo ya makala ni Mpemba mwenyewe anasimulia.

Wanafizikia wanabishana hadi leo kama jambo hilo hutokea kweli, na wapo waliopima upya wakasema hawalioni. Waendelee. Ninachokitazama mimi ni alichofanya Osborne: swali la mwanafunzi alilipa muda wa maabara, kisha akaliacha libaki la mwanafunzi. Hakukuwa na semina, fulana wala cheti cha ushiriki.

Siku hizi swali la kijana hukutana na kikwazo kingine, ukubwa wa miradi. Majaribio ya awamu ya tatu ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalianza 2009 na kumalizika 2014. Yalihusisha zaidi ya watoto 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Bagamoyo na Korogwe vikiwemo, na Kilifi upande wa Kenya. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana Oktoba 2021. Kijana aliyeingia kwenye mradi wa namna hii anaweza kumaliza ujana wake akijaza fomu za swali la mtu mwingine, na akatoka na uzoefu mkubwa wa kujaza fomu.

Mlezi anayejua kazi hutafuta ndani ya mradi mkubwa swali dogo linaloweza kumalizwa kwa miaka mitatu na likawa la kijana. Kwa nini baadhi ya akina mama hawarudi kwa dozi ya mwisho? Kinga inashuka kwa kasi gani kwa mtoto aliyedumaa? Sampuli ni zilezile, kibali cha maadili, yaani ruhusa ya kamati inayolinda washiriki wa utafiti, kinaongezewa kipengele, gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bajeti. Kijana peke yake hawezi kujua kwamba jambo hilo linaombwa, sembuse linaombwa kwa nani.

Kitonga ya pili ni majina, na hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi hudhani majina ya waandishi kwenye makala ya kisayansi hupangwa kwa vyeo. Katika tafiti za afya na baiolojia, utaratibu uliozoeleka ni kwamba jina la kwanza ni la aliyebeba kazi, mara nyingi chipukizi. La mwisho ni la aliyeongoza kundi. Na katikati wapo waliochangia sehemu sehemu. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba imeweka masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi. Awe na mchango mkubwa katika kubuni kazi, kukusanya data au kuichambua. Awe ameandika au amehariri kwa kina. Awe ameidhinisha toleo la mwisho. Na akubali kuwajibika kwa kazi hiyo ikija kuhojiwa. Yanatakiwa yote manne kwa pamoja. Kuwa mkuu wa idara halimo. Kutoa gari la mradi nalo halimo.

Tuseme binti kamaliza uzamili. Amekaa msimu mzima Kilombero akitega mbu kwa mitego ya taa, asubuhi anawatenganisha kwa darubini, funestus huku, wa jamii ya gambiae kule (wote ni mbu wa malaria), kila kichupa kina karatasi iliyoandikwa kwa penseli kwa sababu wino huyeyuka kwenye spiriti. Ameandika rasimu. Inamrudia ikiwa na majina sita mapya, na la kwake limeshuka mpaka la tatu. Aliyeyapanga ni mtu anayemwamkia shikamoo kila asubuhi, na ndiye atakayesaini barua yake ya mapendekezo ya kwenda kusoma. Binti atasema, "Prof., samahani, naona kama kuna makosa"? Wachache sana watathubutu. Wengi watashukuru kwa maoni na kunyamaza.

Hapo ndipo mlezi asiye msimamizi anapoonyesha faida yake. Anaweza kumwendea Profesa kama mkubwa kwa mkubwa, mlango ukiwa umefungwa. Kilicho bora zaidi ni kutofika huko kabisa: kabla mtego wa kwanza haujategwa, kundi linaandika ukurasa mmoja unaosema nani atafanya nini na majina yatapangwaje, na nini kitabadilika kazi ikibadilika. Wapo wanaoona ukurasa huo ni dalili ya kutoaminiana. Sikubaliani nao. Anayeukataa sana ndiye ningemwangalia mara mbili.

Heshima ya wakubwa si adui wa sayansi, ila inahitaji kutengenezewa njia ya kubisha. Baadhi ya maabara zina kanuni kwamba kwenye kikao cha wiki mdogo kuliko wote ndiye anauliza kwanza, na mkubwa anazungumza mwisho. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini Profesa akishasema "hii grafu iko sawa", hakuna wa kusema haiko sawa, hata kama mhimili wake umeanzia mahali pa ajabu na kila mtu anaona.

Kitonga ya tatu ni fedha. Ruzuku ya utafiti ni fedha anayopewa mtafiti kupitia taasisi yake kwa ajili ya swali mahususi na muda mahususi. Haikopeshwi, na wala si zawadi. Inaombwa kwa andiko linaloshindanishwa na maandiko mengine. Chipukizi wengi hudhani andiko huanguka kwa sababu sayansi yake ni dhaifu. Mara nyingi huangukia kwenye kurasa za nyuma. Ameandika mashine ya vinasaba, hakuandika jenereta. Ameweka friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, hakuweka mtu wa kuikagua umeme ukikatika Ijumaa usiku, na Jumatatu sampuli za miaka miwili zimekuwa maji. Amepigia hesabu mafuta ya kiangazi, wakati masika barabara ya kwenda Malinyi ni tope tupu na safari ya asubuhi moja inakula siku nzima. Kibali cha maadili amekipa wiki tatu. Mambo haya hayamo kwenye kitabu cha mbinu za utafiti. Yamo kichwani mwa mtu aliyewahi kupoteza sampuli.

Wafadhili wenyewe wamelitambua hili. Mpango wa EDCTP, unaounganisha nchi za Ulaya na Afrika kwenye majaribio ya tiba tangu 2003, umekuwa ukitoa ruzuku za kukuza watafiti wakiwa kwenye taasisi zao Afrika. Marekani ilianzisha ruzuku iitwayo K43 kwa watafiti wanaochipukia wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Masharti yake yalidai mwombaji awe na walezi wawili, mmoja wa Marekani na mmoja wa nchi yake, na walau robo tatu ya muda wake wa kazi ibaki kwa utafiti na mafunzo yake. Hicho ndicho kinachoitwa muda uliolindwa: mwajiri anaahidi kwa maandishi kutomtuma mtu huyo huku na huko. Taasisi nyingi huteleza papo hapo. Barua inasainiwa leo, kesho kijana ameteuliwa katibu wa kamati ya maandalizi ya Mei Mosi.

Sasa kejeli ya mwanzo, maana haikuja bure. Wanaosema ulezi ni kubebwa wana hoja nusu. Anayebebwa hupunguziwa kazi. Anayelelewa huongezewa, rasimu inarudi kwake mara nne wakati mwenzake alishatuma toleo la kwanza na kwenda kulala. Lakini ulezi ukiachwa uwe wa urafiki tu, kweli huwa upendeleo. Mkubwa humvuta kijana anayefanana naye, aliyesoma shule aliyosoma, anayeshabikia timu yake, anayeweza kukaa naye kwenye nyama choma hadi saa nne usiku. Mama mwenye mtoto mchanga hayupo kwenye meza hiyo. Sababu ya kuwa na mpango rasmi, wenye tangazo na maombi na vikao vya saa za kazi, ni kwamba nafasi hiyo isigawiwe kwenye nyama choma.

Lipo pia wazo kwamba ukipata mlezi wa Ulaya umefika. Ni kweli baadhi ya vituo vyetu vikubwa vilianzishwa na wageni au kwa ushirikiano nao, na kweli mlezi wa huko anajua wahariri wa majarida na lugha ya wafadhili. Lakini hatakusaidia siku kijiji kinapokataa kutolewa damu kwa sababu uvumi wa mumiani umefika kabla ya gari la mradi. Hiyo inamtaka mtu anayejua aanze kwa mwenyekiti wa kijiji au kwa bibi mkunga, na ajue kwamba kikao cha kwanza hakizungumzi damu kabisa. Wala si lazima tena kuchagua moja. Fredros Okumu, Mkenya mtaalamu wa mbu, alijenga jina lake Ifakara na akaja kuwa mkurugenzi wa sayansi wa taasisi hiyo. Faith Osier, daktari Mkenya aliyekulia kitaaluma Kilifi, mwaka 2019 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza umoja wa kimataifa wa vyama vya wataalamu wa kinga ya mwili. Chipukizi wa leo anaweza kuwa na mlezi aliyepita njia hiyohiyo, tope hilohilo. Na hakuna sheria ya kuwa na mmoja. Wa takwimu awe mwingine, wa uandishi mwingine, na wa kukusikiliza ukitaka kuacha kazi awe mwenzako aliyekutangulia miaka minne tu.

Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya afya katika ukanda huu ilikwama katikati, na vijana wa mikataba ya mwaka mmoja mmoja ndio waliotangulia kupokea barua. Mlezi hana fedha za kumlipa kijana huyo mshahara. Anachoweza ni kuketi naye na kuuliza data gani tayari imekusanywa na inatosha makala, nani mwenye mradi jirani anahitaji mtu wa takwimu, na barua ya mapendekezo inatakiwa lini. Makala iliyochapishwa haifutwi mkataba ukifutwa.

Kwa hiyo ni ajira au mafunzo? Inategemea mpango. Baadhi ni mafunzo kazini yenye posho, baadhi ni ufadhili wa masomo ndani ya mkataba wa kazi, na baadhi ni vikao tu juu ya kazi ambayo tayari unayo. Tangazo lisilosema ni lipi kati ya hayo, uliza kabla ya kutuma vyeti. Uliza mlezi ni nani kwa jina, na kama ndiye huyohuyo msimamizi. Watafute waliomaliza awamu iliyopita uwaulize nani kati yao sasa ana ruzuku yake, na makala zao zilitoka na majina kwa mpangilio gani.

Na muulize mratibu kama saa za ulezi zinaingia kwenye tathmini ya mlezi, kwa taasisi za umma za Tanzania maana yake PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi. Kama hazimo, usishangae kikao chenu cha kila mwezi kikiahirishwa mara tatu mfululizo. Mlezi wako anapimwa kwa makala alizotoa na fedha alizoleta, na wewe humo kwenye fomu yake.